Kubadilisha boksi la fyuzi na nyaya za Land Rover Series IIA na III: mwongozo kamili

Land Rover Series IIA ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, ikiwa na fyuzi mbili tu. Moja ililinda vitu vinavyopata umeme muda wote, nyingine ililinda vile vinavyofanya kazi ufunguo ukiwashwa. Series III, iliyoanza mwaka 1971, ikaongezewa zikawa nne. Taa kubwa za IIA hazikuwekewa hata moja. Umeme wake hutoka kwenye betri, hupita swichi ya taa, kisha swichi ya fulu na dimu, ndipo huenda mbele kwenye taa. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, hakuna kinachoukata mpaka uungue wenyewe, na ukiungua hauungui peke yake: unakwenda na fungu zima la nyaya lililofungwa nao.

Ongeza juu ya hapo miaka hamsini ya joto, tope na mafundi mbalimbali. Redio imeungwa kwenye waipa, spotilaiti zimeungwa moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iliyokatika imezungushiwa uzi wa shaba. Gari la namna hii halihitaji kiraka kingine. Linahitaji mfumo mpya uliopangwa tangu betri hadi taa ya mwisho, na kazi hiyo fundi mwangalifu anaimaliza kwa siku tatu hadi nne.

Maelezo haya ni ya gari la volti 12 ambalo hasi ya betri ndiyo inaenda ethi, yaani imeungwa kwenye chesisi. Magari ya jeshi ya volti 24 yana mpangilio wake. Series II na IIA za kabla ya 1967 hivi zilikuwa na ethi ya chanya, kwa hiyo angalia kwanza ni nguzo ipi ya betri inayoenda kwenye chesisi. Kama ni chanya, geuza kabla ya kununua chochote. Geuza betri, badilisha nyaya mbili za koili zipishane, kisha ipe dainamo (jenereta ya zamani ya kuchajia betri) mwelekeo mpya: chomoa waya wa F kwenye dainamo, chukua waya kutoka chanya ya betri na uuguse nguzo ya F mara mbili tatu, sekunde moja kila mara. Usipofanya hivyo dainamo itachaji kinyume.

Fyuzi inalinda waya

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Watu huchagua fyuzi kwa kuangalia kifaa: honi ni kubwa, basi weka fyuzi kubwa. Fyuzi huchaguliwa kwa unene wa waya unaotoka kwayo. Kwanza jua kifaa kinakula ampea ngapi (wati gawanya kwa 12), chagua waya unaobeba zaidi ya hapo kwa raha, halafu weka fyuzi iliyo juu ya mzigo lakini chini ya uwezo wa waya.

Waya wa gari wenye ganda jembamba hubeba hivi: mm² 1 hubeba ampea 16.5, mm² 1.5 hubeba 21, mm² 2.5 hubeba 29. Mm² 6 hubeba 50. Mm² 10 hubeba 70. Namba hizo ni za waya ulio peke yake hewani. Ukiufunga na wenzake na kuupitisha kwenye joto la injini, punguza robo.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye fyuzi za kioo za Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya. Ile iliyoandikwa 35 haibebi ampea 35 muda wote. Thelathini na tano ni ampea za kukatika. Za kubeba mfululizo ni nusu yake, yaani 17.5. Fyuzi za kisasa za bapa huandikwa kwa ampea za kubeba. Anayetoa kioo cha 35 na kuchomeka bapa ya 30 au 35 ameondoa ulinzi karibu wote, na hatajua mpaka moshi utokee chini ya dashibodi. Badala ya 35 ya Lucas ni bapa ya 15, ikizidi sana 20.

Jambo la pili ni umeme unaopotea njiani. Waya wa shaba wa mm² 1 una ukinzani wa omu 0.0175 kwa kila mita. Fulu mbili za wati 60 zinakula ampea 10. Zikipitia mita 6 za waya huo, volti 1.05 inapotea kabla hata hujahesabu swichi zilizochakaa. Balbu ikikosa asilimia 10 ya volti zake hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Ndiyo sababu taa za Land Rover nyingi za zamani zina mwanga wa njano hata zikiwekewa balbu mpya za H4 (zenye fulu na dimu ndani ya balbu moja), na ndiyo sababu rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, ni sehemu ya kazi hii.

Vitu vya kununua

Nunua boksi la fyuzi za bapa lenye nafasi 12, ambalo kila fyuzi ina mguu wake wa kuingizia na wake wa kutolea. Maboksi mengi ya bei nafuu yana ubao mmoja wa shaba unaolisha fyuzi zote. Hayo hayafai hapa, kwa sababu tunahitaji makundi matano tofauti. Pata pia kishikio cha fyuzi kuu na fyuzi yake ya ampea 50, na rilei tatu za ampea 40 pamoja na soketi zake.

Nyaya: mm² 10 mita 3, mm² 6 mita 2, mm² 2.5 mita 10, mm² 1.5 mita 40 za rangi mbalimbali, na mm² 1 mita 50. Vichwa vya waya vya kike vya milimita 6.3 viwe mia moja, visivyo na ganda la plastiki, na mrija wa kunywea kwa moto wa kuvifunika. Vichwa vya duara vya matundu ya milimita 6 na 8, kumi na tano. Raba za matundu ya bodi, tepu ya kitambaa na tai za plastiki. Kwa vifaa vya mkono, usipungukiwe na plaizi ya kubana vichwa yenye meno ya kujifunga, ile isiyoachia mpaka ibane kikamilifu, na mita ya kupimia.

Kuhusu waya, chunga mambo mawili dukani. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene haufai kwenye gari, kwa sababu mtetemo huukata ndani ya ganda na nje huonekana mzima. La pili, nyaya nyingi zinazouzwa rahisi ni za alumini iliyopakwa shaba. Kwangua nyuzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Hubeba umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule, hukatika haraka, na hulegea ndani ya kichwa ulichobana.

Fyuzi nazo zijaribiwe, maana zipo za bandia zisizokatika. Chukua moja ya ampea 10 katika pakiti, unganisha balbu mbili za H4 kwa betri kupitia fyuzi hiyo na uwashe fulu na dimu za balbu zote mbili kwa pamoja. Hizo ni karibu ampea 19. Fyuzi halali hukatika ndani ya sekunde chache. Ikifika sekunde 10 ikiwa bado nzima, pakiti yote ni takataka.

Kabla ya kukata waya wowote

Piga picha kila kona. Chora ramani yako, hata kama una ile ya kitabu, kwa sababu gari lako halifanani tena na kitabu. Rangi za Lucas ndizo dira:

Kahawia: umeme wa betri muda wote, hauna fyuzi.
Nyeupe: umeme wa ufunguo, hauna fyuzi.
Kijani: umeme wa ufunguo uliopita fyuzi (waipa, breki, indiketa, geji).
Zambarau: umeme wa muda wote uliopita fyuzi (honi, taa ya ndani).
Nyekundu: taa ndogo.
Buluu na nyeupe: fulu. Buluu na nyekundu: dimu.
Kijani na nyekundu: indiketa ya kushoto. Kijani na nyeupe: ya kulia.
Kijani na zambarau: taa za breki.
Kahawia na njano: taa ya onyo la chaji.
Nyeusi: ethi.

Kwenye gari lililozeeka kahawia na kijani hufanana kwa uchafu, kwa hiyo thibitisha kwa mita. Bandika kila waya kipande cha tepu nyeupe chenye jina lake kabla ya kuuchomoa. Kisha ondoa waya wa hasi kwenye betri na uufunge pembeni. Kwenye mengi ya magari haya tangi la mafuta liko chini ya kiti. Cheche moja pale inatosha.

Hatua ya 1: ethi

Anza hapa, hata kama mikono inawasha kufunga boksi jipya. Bodi ya Land Rover ni ya alumini na chesisi ni ya chuma. Alumini hujifunika ukungu mweupe usiopitisha umeme, na mahali shaba inapokutana nayo penye maji, hulika. Kutegemea skrubu za bodi kurudisha umeme ni kujitafutia taabu.

Waya wa hasi wa betri uende kwenye chesisi. Waya mwingine wa unene huohuo utoke chesisi uende kwenye injini au gia boksi, kwa sababu injini imekaa juu ya raba na haigusani na chesisi. Huo ukikosekana, umeme wa stata hutafuta njia kupitia kebo ya choki au ya mafuta. Ukiona kebo hizo zinapata moto wakati wa kuwasha, umeshapata ugonjwa. Kisha weka nguzo tatu za ethi za boliti ya milimita 8 kwenye chesisi au ukuta wa injini: mbele kwa ajili ya taa, nyuma ya dashibodi, na nyuma ya gari. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu. Kila taa ipate waya wake mweusi hadi kwenye nguzo iliyo karibu: mm² 2.5 kwa taa kubwa, mm² 1 kwa zilizobaki.

Hatua ya 2: njia kuu

Fyuzi kuu ya ampea 50 ikae si zaidi ya sentimita 30 kutoka betri. Waya wa mm² 10 utoke hapo uingie ndani ya kabini kupitia tundu lenye raba. Waya wowote ulio kati ya fyuzi kuu na fyuzi ndogo usiwe mwembamba kuliko mm² 6, na uwe mfupi, maana kinachoulinda ni ile 50 peke yake.

Vitu viwili havipiti kwenye boksi. Waya mkubwa wa stata unabaki ulivyo. Na kwa dizeli, plagi za joto zinazovuta karibu ampea 40 zibaki kwenye njia yake yenye waya mnene. Stata ya dizeli ambayo swichi yake ya sumaku iko juu yake yenyewe, iongezee rilei yake, kwa sababu sumaku hiyo huvuta umeme mwingi kuliko swichi ya ufunguo inavyopaswa kubeba.

Hatua ya 3: kufunga boksi na kugawa fyuzi

Weka boksi ndani ya kabini, juu kwenye ukuta chini ya dashibodi, miguu ya nyaya ikitazama chini ili maji yatiririke nje. Chini ya boneti maji ya mtoni na ya kuoshea injini yatalifikia.

Mgawanyo unaofaa:

1. Swichi ya ufunguo pekee: ampea 20, waya mm² 2.5
2. Swichi ya taa: 15, mm² 1.5
3. Honi na taa ya ndani: 15, mm² 1.5
4. Dimu kushoto: 10, mm² 1.5
5. Dimu kulia: 10, mm² 1.5
6. Fulu kushoto: 10, mm² 1.5
7. Fulu kulia: 10, mm² 1.5
8. Taa ndogo kushoto, mbele na nyuma: 5, mm² 1
9. Taa ndogo kulia, na taa ya namba: 5, mm² 1
10. Indiketa na breki: 10, mm² 1
11. Waipa na geji: 10, mm² 1
12. Feni ya hita: 10, mm² 1

Fyuzi 1 hadi 3 zilishwe moja kwa moja na njia kuu. Ya 4 na 5 zilishwe na rilei ya dimu, 6 na 7 na rilei ya fulu. Ya 8 na 9 zilishwe na waya mwekundu utokao swichi ya taa. Ya 10 hadi 12 zilishwe na rilei ya ufunguo.

Fyuzi namba 1 imeachwa peke yake kwa makusudi. Inalisha koili na kuamsha rilei, basi. Waipa ikipiga shoti, injini haizimi katikati ya mlima. Asije mtu akaunga redio hapo.

Hatua ya 4: rilei

Kila rilei ina miguu minne ya kushughulikia. 30 hupokea umeme wa njia kuu kwa mm² 6. 87 hutoa kwenda kwenye fyuzi zake. 85 ni ethi. 86 hupokea amri: rilei ya dimu kutoka waya wa buluu na nyekundu, ya fulu kutoka buluu na nyeupe, ya ufunguo kutoka mweupe. Swichi za zamani sasa zinabeba sehemu ndogo tu ya mzigo wake wa awali, na zitadumu.

Kutoka fyuzi, kila taa kubwa ipate waya wake hadi mbele. Fyuzi moja ikikatika unabaki na taa ya upande mwingine, jambo ambalo usiku barabarani lina uzito wake.

Hatua ya 5: nyuma, na kupitisha nyaya

Fungu la nyuma hupita ndani ya chesisi. Usilivute kabla ya kufunga kamba imara mwishoni mwake. Likitoka, kamba inabaki ndani, nawe unaitumia kuvutia jipya. Paka fungu jipya poda ili liteleze.

Vichwa vibanwe, visilehemiwe. Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na kwenye barabara ya rafu waya hukatika pale ugumu unapoishia. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu: kinachochomoka mkononi kingechomoka safarini. Usipindishe nyaya mbili pamoja na kufunga tepu mahali popote kwenye gari hili. Funga fungu kila sentimita 20 hadi 30, likae mbali na bomba la moshi, na kila tundu la bodi liwe na raba.

Hatua ya 6: kupima kabla ya kuwasha

Chomoa fyuzi zote 12 za boksi na rilei zote (fyuzi kuu ibaki), zima swichi zote. Badala ya kurudisha waya wa hasi kwenye betri moja kwa moja, unganisha balbu ya wati 21 kati ya nguzo na waya. Ikiwaka, kuna shoti kwenye njia kuu. Isipowaka, chomeka rilei, kisha fyuzi moja moja ukiangalia balbu (swichi zikiwa zimezimwa, za 4 hadi 12 hazina umeme, kwa hiyo hapa zinazopimwa ni 1 hadi 3). Inayofanya balbu iwake kwa nguvu ndiyo yenye tatizo, na hakuna kilichoungua, kwa sababu balbu haipitishi ampea mbili.

Ikipita salama, ondoa balbu, rudisha waya na uwashe kifaa kimoja kimoja. Injini ikizunguka mara 2000 kwa dakika, betri ya gari lenye altaneta (kichaji cha kisasa kinachochukua nafasi ya dainamo) isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Taa zikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye mguu wa taa yenyewe: isomeke chini ya volti 0.5. Kutoka ethi ya taa hadi hasi ya betri, chini ya volti 0.2. Kila kitu kikiwa kimezimwa, umeme unaotoka kwenye betri usizidi miliampea 30.

Matatizo yanayojitokeza baadaye

Altaneta haichaji ingawa ni nzima: kuna aliyeweka balbu ya LED kwenye taa ya onyo la chaji. Umeme mdogo unaopita kwenye balbu ya kawaida ya wati 2.2 ndio unaoamsha altaneta ya Lucas. Rudisha balbu ya kawaida.

Geji za mafuta na joto zote mbili zinapanda pamoja: kidhibiti cha volti 10 nyuma ya dashibodi kimekosa ethi. Kinapata ethi kupitia ganda lake, kwa hiyo kikwangue na kukikaza upya.

Ukikanyaga breki indiketa inafifia, au taa ndogo zinapepesa nayo: ethi ya nyuma, karibu kila mara.

Indiketa inawaka bila kupepesa baada ya kuweka LED: flasha ya zamani (kifaa kinachoipepesesha indiketa) hufanya kazi kwa joto la mzigo wa balbu. Weka ya kielektroniki.

Taa zinafifia usiku waipa na hita vikifanya kazi: kama bado una dainamo ya C40, inatoa ampea 22 tu, na kwenye mwendo mdogo haifiki hapo. Nyaya mpya hazitengenezi umeme. Usiongeze spotilaiti kabla ya kuweka altaneta, na altaneta kubwa ipate waya wake wa mm² 10 hadi nguzo ya stata inayolishwa na betri.

Baada ya kilomita 500 fungua boksi ukiwa umetoka kuendesha taa zikiwa zimewaka nusu saa, na uguse kila fyuzi. Ya moto kuliko wenzake ina mguu uliolegea. Toa kichwa, kibane upya kwa koleo, kirudishe. Kaza tena boliti za ethi. Kisha andika ile orodha ya fyuzi 12 kwa kalamu isiyofutika na uibandike ndani ya kifuniko.